Sifa za Bwana Usawazishaji

Majemadari wamesifiwa, ngalawa zimesifiwa, na kahawa ya barazani imesifiwa hata na wasioweza kuinywa. Bwana Usawazishaji bado hajapata wa kumsifu. Namzungumzia yule akaaye ndani ya kivinjari, ambaye kazi yake ni kuona kwamba kompyuta ya ofisini, laptopu ya nyumbani na simu ya mfukoni zina alamisho zilezile, manenosiri yaleyale, viendelezi vilevile na mipangilio ileile. Mtaje mbele ya watu uone. Huyu atakwambia alamisho zake zilipotea, yule kwamba folda zake zimezaana, na wa tatu ataguna tu na kubadili mazungumzo. Si haki. Wala asije mtu akadhani namvisha kilemba cha ukoka. Sifa nitakazotoa hapa zote zinathibitika, na iliyo kubwa kuliko zote ni utiifu. Bwana huyu hutekeleza amri mpaka mwisho, bila swali, hasa ile amri ambayo hukujua kwamba umeitoa.

Anayesifiwa hutajiwa ukoo wake kwanza, na huu ni ukoo wenye misiba mingi. Mwaka 1998 Netscape Communicator 4.5 ilimwezesha mfanyakazi kuketi kwenye kompyuta yoyote ya ofisi akaletewa alamisho na mipangilio yake kutoka kwenye seva, mradi ofisi iwe na fundi wa kuitayarisha seva hiyo. Mwaka 2006 Google, ambayo wakati huo haikuwa na kivinjari chake, ilitoa Google Browser Sync kwa ajili ya watumiaji wa Firefox. Mwaka 2008 ikaiacha, mwaka uleule ilipozindua Chrome. Sadfa, bila shaka.

Marehemu anayestahili dua ndefu zaidi ni Xmarks. Alizaliwa kwa jina la Foxmarks mikononi mwa Mitch Kapor, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus iliyotoa Lotus 1-2-3, na alikuwa na kipaji ambacho jamaa zake wa leo wamekikataa: aliwatumikia mahasimu kwa pamoja. Firefox, Internet Explorer, Safari na Chrome, zote alizigawia alamisho za mtu mmoja. Septemba 2010 wenye mali wakatangaza kwamba wanafunga, kwa kuwa hawakuona njia ya kujilipa, na vivinjari navyo vilikuwa vimeanza kutoa huduma hiyohiyo bure. Hapo ndipo watumiaji walipopiga mayowe na kuahidi kutoa pesa kwa kitu walichozoea kukipata bila malipo. Desemba mwaka huo kampuni ya LastPass ikamnunua, akaishi hadi tarehe 1 Mei 2018. Nitajie mwingine aliyewafanya watu wa intaneti waombe kulipishwa.

Bwana wetu mwenyewe, kwa upande wa Firefox, alianza Desemba 2007 kama jaribio la Mozilla, watengenezaji wa Firefox, lililoitwa Weave, akaingizwa rasmi ndani ya Firefox 4 mwezi Machi 2011. Ujana wake ulikuwa wa nidhamu kali. Ili umwunganishie kompyuta mpya, ilibidi ile ya zamani iwe inawaka mbele yako, usome herufi na tarakimu 12 kwenye moja na kuziandika kwenye nyingine. Data ilifungwa kwa ufunguo ambao hata Mozilla hawakuwa nao. Ikaja kudhihirika kwamba watu wengi walikuwa na kompyuta moja tu, na walichomtarajia bwana huyu ni kuwarudishia vitu vyao siku kompyuta hiyo itakapoungua au kuibwa. Siku ikafika, naye akataka aonyeshwe ile ya zamani, ama ule ufunguo mrefu ambao mwenyewe hakuuandika popote. Nani amlaumu? Aliambiwa asawazishe kompyuta mbili. Moja haisawazishwi na kitu.

Mwaka 2014, katika Firefox 29, masharti yakalegezwa, ikatosha kuwa na barua pepe na nenosiri. Msimamo wake haukulegea. Ufunguo wa data hutokana na nenosiri lenyewe, kwa hiyo ukilisahau na kuliweka jipya, kilichohifadhiwa kwenye seva kinafutwa, isipokuwa uwe ulijiwekea mapema ufunguo wa akiba. Mtunza siri wa namna hiyo, anayeitunza hata dhidi ya mwenye siri, ni nadra.

Sasa tufike kwenye kazi inayomtukuza kuliko zote, yaani viendelezi. Chukua mtu mwenye kizuia matangazo alichokirekebisha kwa muda mrefu: tovuti hii ameiruhusu, ile ameibana, pale ameficha kisanduku kinachoruka machoni kila akifungua gazeti. Anapata kompyuta mpya. Anaingia kwenye akaunti yake, na muda si mrefu aikoni zinajipanga juu ya kivinjari, moja baada ya nyingine, sura zilezile anazozijua. Anafurahi. Anabonyeza mojawapo na kukuta kiendelezi kiko kama siku kilipotoka kiwandani. Bwana Usawazishaji ameleta orodha ya viendelezi kama alivyoagizwa. Mipangilio iliyomo ndani ya kila kiendelezi si agizo lake, ni shauri la aliyekitengeneza. Ni hamali wa mkokoteni aliyehamisha sanduku lako kutoka Kariakoo hadi Mbagala bila mkwaruzo hata mmoja, baada ya kumwaga nguo zote barabarani ili lisiwe zito.

Tumtendee haki, lakini. Watengenezaji wa viendelezi wamewekewa hifadhi maalumu ya vitu vya kusafirishwa. Ukubwa wake ni baiti 102,400 kwa kila kiendelezi, kitu kimoja kisizidi baiti 8,192, na vitu vyote visizidi 512. Picha moja ya kawaida ya simu haiingii humo hata ukiisukuma. Mtengenezaji mwenye orodha ndefu ya kanuni huziweka kwenye hifadhi ya ndani ya kompyuta, ambayo haisafiri, na mambo yanaishia hapo. Kizuia matangazo kiitwacho uBlock Origin kimepata ufumbuzi ninaoupenda: kina vitufe vya kupandisha mipangilio kwenye ile hifadhi inayosafiri ukiwa kompyuta ya kwanza, na vya kuishusha ukiwa ya pili. Unabonyeza huku, unakwenda kubonyeza kule. Hivyo usawazishaji wa kiotomatiki unakamilishwa kwa kidole.

Kwa mipangilio ya Firefox yenyewe mambo ni mazuri zaidi. Kule kwenye ukurasa wake wa about:config kuna mamia kwa mamia ya mipangilio, na bwana wetu hubeba ile tu iliyo kwenye orodha yake. Ukitaka akubebee na mwingine, unaongeza mstari unaoanza na services.sync.prefs.sync, unamalizia kwa jina la mpangilio wako, unaweka thamani ya kweli. Kisha unakwenda kwenye kila kompyuta itakayopokea na kuongeza mstari huohuo, maana nayo haikubali zawadi isiyojulishwa. Yaani ili usitembelee kompyuta zako moja moja kubadili kitu, unazitembelea moja moja. Wapo wanaoliita hili kero. Mimi naliita mazoezi ya viungo.

Mwandishi wa Kiswahili ana sababu yake ya ziada ya kumshukuru. Anaandika ndani ya kivinjari, na kwa kuwa kikagua tahajia kilichomo ni cha Kiingereza, kila neno lake linapigiwa mstari mwekundu kama kosa. Kwa subira anakifundisha: "mathalani" ni neno, "jitihada" ni neno, "kwamba" ni neno. Chrome huyabeba maneno hayo hadi kompyuta nyingine. Firefox huyaandika kwenye faili dogo liitwalo persdict.dat na kuyaacha hapo. Mwandishi anarudi nyumbani akiwa mwalimu wa kompyuta iliyohitimu ofisini, na kukuta ya nyumbani bado iko darasa la kwanza. Somo linaanza upya, na lugha inazidi kuenea.

Msidhani basi kwamba bwana huyu ni mzito wa kubeba. Mpe ufutaji! Futa folda ya alamisho ofisini, hata kwa kidole kilichoteleza, uone wepesi wake. Kwake kufuta ni habari kama habari nyingine, na habari lazima ifike. Laptopu iliyokaa kabatini miezi kadhaa, ambayo ingekuwa kimbilio lako la mwisho, ukiiwasha tu ikapata mtandao, amri imeshafika kabla hujatafuta miwani. Mozilla wenyewe huwaonya watu kwamba Sync, yaani bwana huyu, si nakala rudufu, na wanaoonywa huitikia "sawa" na kuendelea kuifanya nakala rudufu. Kinyume chake, mletee kompyuta ya zamani yenye alamisho zake za enzi hizo, na huruma yake itakushangaza. Hamdhulumu yeyote. Panapotokea shaka kama folda ya "Mapishi" ya huku ndiyo ile ya kule, anaweza kukupa zote mbili, na ukitenganisha na kuunganisha tena akakuongezea ya tatu.

Na kama kuna siku ndoto yake ilitimia, ni tarehe 4 Mei 2019. Cheti ambacho Mozilla walikitumia kuthibitisha viendelezi kilifikia mwisho wa muda wake, na Firefox kote duniani ikavizima viendelezi vya watu kwa kuvishuku. Kompyuta ya ofisini haikuwa na kiendelezi kinachofanya kazi, ya nyumbani vivyo hivyo, na ya jirani pia. Usawa kamili. Marekebisho ya kwanza yalianza kusambazwa baada ya saa chache, na siku iliyofuata likatoka toleo la 66.0.4. Haikuwa kazi ya mikono ya bwana wetu, lakini hakuna aliyewahi kusawazisha kiasi kile, kabla wala baada.

Umebaki ukarimu wake. Septemba 2018 Chrome 69 ilianza kumwingiza mtu kwenye kivinjari pindi anapofungua Gmail, jambo lililozua kelele hadi toleo lililofuata likaweka swichi ya kulizima. Usawazishaji wenyewe uliendelea kusubiri ruhusa. Lakini ruhusa hutolewa kwa kubonyeza kitufe, na mteja wa steshenari mwenye haraka ya kuchapisha barua ya maombi ya kazi, huku foleni ikimpumulia kisogoni, hubonyeza chochote kitakachoondoa kidirisha machoni pake. Akishatoka na karatasi zake, kompyuta ya steshenari imemrithi. Mteja anayefuata akiandika herufi moja tu kwenye upau wa anwani hupendekezewa mikopo, magauni ya harusi na maradhi ya mtu asiyemjua. Umoja tunaouhubiri majukwaani umekwisha kupatikana pale, kwa bei ya karatasi mbili za nyeusi na nyeupe.

Wakubwa nao hawakusahauliwa. Mwaka 2022 Cisco, kampuni inayowauzia wengine vifaa vya kulinda mitandao, ilieleza hadharani jinsi ilivyovamiwa. Mvamizi aliteka akaunti binafsi ya Google ya mfanyakazi mmoja, na humo akakuta manenosiri ya kazini yaliyosawazishwa kutoka kwenye kivinjari. Ilimbidi bado amghilibu mfanyakazi huyo kwa simu hadi akakubali ombi la uthibitisho. Hilo bwana wetu hakulifanya, kwa kuwa hakuagizwa. Mwaka uliofuata Okta, ambayo biashara yake ni kuthibitisha nani ni nani, ikasimulia kisa kinachofanana: mfanyakazi aliingia kwenye akaunti yake binafsi ya Google ndani ya Chrome kwenye laptopu ya kampuni, na nenosiri la akaunti nyeti likahifadhiwa huko. Kazini na nyumbani vikawa kitu kimoja, kama bwana huyu alivyoahidi tangu mwanzo.

Wapinzani anao. Kuna mafundi wanaojiandikia faili la mipangilio liitwalo user.js na kulinakili kwenye kila kompyuta, na wengine hubeba folda nzima ya wasifu kwenye flashi. Njia zao zinafanya kazi, na hiyo ndiyo dosari yake: hazina la kusimulia. Machi 2021 Google iliizuia Chromium, ile inayojengwa na wengine kwa msimbo huria, isitumie tena seva zake za usawazishaji, na waliolia zaidi ni hao hao mafundi. Hata wao, kumbe, walikuwa wateja wake.

Kwa hiyo, msomaji, mpe heshima yake na uendelee kumtumia; mimi namtumia. Ila leo, kabla hujazima kompyuta, fungua kidhibiti cha alamisho, zihamishe zote ziwe faili moja la HTML, na ufanye vivyo hivyo kwa mipangilio ya kila kiendelezi chenye kitufe cha kuihamisha. Yaweke mafaili hayo kwenye flashi. Huko Bwana Usawazishaji hafiki.