Foleni ya Bamvua

Juzi nilitoka Mkwaja kwenda kutibiwa. Kituo sikitaji, nikiugua nitakirudia kulekule. Nilifika maji yamejaa, nikaitwa yameshakupwa. Saa sita hizo, muulize mvuvi yeyote.

Nilipata wasaa wa kusoma ukuta. Zimebandikwa zile S tano za kupanga mahali pa kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Zilizaliwa viwandani Japani. Wizara ya Afya ikazipokea 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, hospitali ya Mbeya ikitangulia, ili pamoja na mengine mgonjwa asikae mno. Na kweli mafaili yamepangwa kama dagaa kwenye uchanja. Sisi ndio hatujasetiwa.

Hesabu ya foleni ni nyepesi, msomi John Little aliithibitisha 1961: wanaoingia kwa saa, zidisha kwa saa za kusubiri, unapata walio kwenye foleni. Wakiingia 10, wakasubiri saa sita, ni watu 60. Wakubwa wa kituo wameisoma, naona, maana wameongeza mabenchi.

Bibi mmoja jirani yangu akaniomba nimsomee bango. Nikamsomea hadi mwisho.

“Hiyo ya tano, mwanangu,” akasema, akijifunga kanga upya, “ndiyo tunayoifanya sisi tangu alfajiri.”