Firigisi ya Baba

Mwenye bucha wa pale Igoma siku hizi hanisalimii, ananipa pole. Nikipita jioni mbele ya bucha yake, mapaja yamening'inia yananitazama, anaweka panga juu ya kigogo, anajifuta mikono na kusema, "Pole sana mzee wangu, Mungu atasaidia." Ukimsikia utadhani nimefiwa. Nami naitikia, "Nimeshapoa," na kuongeza mwendo, maana nikisimama hapo dakika mbili nitalia mbele za watu.

Chanzo ni kipimo. Nilikwenda zahanati moja kupima presha tu, kijana wa maabara akaniambia maadamu nimefika, tupime na mafuta kwenye damu. Hapo ndipo nilipokosea. Damu ya mtu mzima haifai kuulizwa maswali mengi. Majibu yakaja kwamba lehemu imepanda. Daktari, binti mdogo mwenye adabu zake, aliniamkia shikamoo kwanza kabla ya kunihukumu, kisha akasema, "Baba, punguza nyama nyekundu, punguza mafuta. Kula zaidi kuku, samaki na mboga za majani, na utembeetembee kidogo."

Msomaji, naomba ulishike hilo neno punguza. Lilitoka zahanati likiwa punguza. Tulipita nalo Mabatini kwenye daladala, bado ni punguza. Tulipita Nyakato, punguza. Lilipovuka kizingiti cha nyumba yangu, Mama Kulwa alilipokea, akaligeuza huku na huku, likawa marufuku.

Mimi ni Msukuma wa Magu. Kwetu ng'ombe ndiye benki, ndiye mahari, ndiye anayemfanya mtu asikilizwe kikaoni hata kama hana la maana la kusema. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na huku Kanda ya Ziwa hatujambo kwa mchango wetu. Kuku alikuwa wa mgeni, tena mgeni wa ghafla, na hakuna mkwe aliyewahi kupokea mahari ya majogoo. Sasa hata barabara ninayopita kwenda kazini inaitwa Makongoro. Makongoro, kwa asiyejua, ni miguu ya ng'ombe iliyochemshwa usiku kucha mpaka supu yake inagandisha midomo. Najua barabara haikuitwa hivyo kwa sababu ya supu, lakini tumbo langu halijui.

Na balaa halikuja peke yake. Wiki hiyohiyo Kulwa, binti yangu aliye kidato cha tatu, alikuwa anaona kizunguzungu darasani. Naye akapimwa. Damu ndogo. Akaandikiwa vidonge, na pamoja na vidonge akaambiwa ale nini? Nyama nyekundu! Maini! Kitu kilekile nilichonyang'anywa mimi siku ya Jumanne, mwanangu akaandikiwa kama dawa siku ya Alhamisi. Doto, pacha wake, hakupimwa chochote na anakula vyote.

Kwa hiyo jikoni pana masufuria mawili. La kulia la Kulwa, maini ya ng'ombe yaliyokaangwa na vitunguu, hoho na ndimu. La kushoto la baba, kuku aliyechemshwa na chumvi kidogo na huruma kidogo zaidi. Jioni moja Mama Kulwa alinikuta nimesimama upande wa kulia.

"Unafanya nini hapo?"

"Naonja chumvi."

"Chumvi gani hiyo inaonjwa kwa vipande vitatu, Baba Kulwa?"

Mtu akikosa nyama anageuka msomi. Nilianza kusoma kwenye simu usiku, miwani puani, nikitafuta jambo la kumtetea ng'ombe. Mwanzo mambo hayakunipendeza. Gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa bila ngozi zina protini kama gramu 31 na mafuta yasiyofika gramu 4. Nyama ya ng'ombe ya kusaga, ile ya kawaida yenye mafuta yake, ina protini kama gramu 26, na mafuta kama gramu 15. Nikanywea. Lakini nilipotulia nikajiuliza: ni nani katika mkoa huu wa Mwanza anakula kidari bila ngozi? Ngozi ndiyo kuku mwenyewe! Nikatafuta paja na ngozi yake. Mafuta gramu 15 na ushee. Nikatafuta steki ya paja la nyuma la ng'ombe, iliyoondolewa mafuta yote. Gramu 5 au 6 hivi. Nilimwamsha Mama Kulwa saa sita usiku kumpa habari hizo. Hakuzipokea vizuri.

Tena takwimu hizo nyingi ni za ng'ombe wa wenzetu, anayefungiwa mahali pamoja na kulishwa mahindi mpaka anaota mafuta katikati ya nyama. Ng'ombe wetu wa pembe fupi na nundu amekwenda malishoni kwa miguu, akaenda majini kwa miguu, na mwisho akaja mnadani kwa miguu. Yule ni mwanariadha. Mafuta yake kayaweka kwenye nundu, na nundu nipo tayari kuiacha. (Hapa nimesema uongo. Nundu ikishachomwa siwezi kuiacha, lakini naomba ibaki kati yetu.)

Kwenye upande wa damu sasa, ng'ombe anapanda jukwaani. Madini ya chuma kwenye nyama yake ni kama miligramu 2.5 kwa kila gramu 100, kidari hakizidi sana 1. Zinki anamzidi kuku mara kadhaa. Vitamini B12, ile ya damu na mishipa ya fahamu, kidari kinayo ya kuonja tu. Kuku naye ana niasini nyingi kuliko ng'ombe, tusimwonee. Nikakuta pia kwamba Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani haukatazi nyama nyekundu. Unasema isizidi gramu 350 mpaka 500 iliyopikwa, kwa wiki. Soseji na nyama nyingine za viwandani ndizo unazotaka tule kidogo sana au tuziache kabisa, na mimi soseji sizijui. Kwa hiyo ipo nusu kilo ya haki yangu kila wiki inayodhulumiwa ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Mtaniuliza, na samaki je, nawe unakaa ufukweni mwa ziwa? Ni kweli. Ila sangara, huyo mgeni aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya wakati mimi napanda daladala. Sato mzuri ana bei ya mtu aliyesoma. Wanabaki dagaa, na Mama Kulwa alirudi nao kutoka Mwaloni Kirumba furushi zima, akanieleza kwamba dagaa analiwa mzima, kichwa mpaka mkia, kwa hiyo unapata mifupa na chokaa yake na protini ya kutosha, kwa bei ya chini kuliko kuku na ng'ombe wote wawili. Yote ni kweli. Nilikula siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya nne nikamwambia mimi ni mgonjwa, si mfungwa.

Sasa nikiri jambo. Baada ya miezi miwili ya utii nilirudi kupima. Lehemu haikushuka, na uzito uliongezeka kilo nne. Daktari akashangaa. "Baba, ulikula kuku kweli?" Nikamwapia kwamba nimekula kuku nyumbani, na nimekula kuku njiani kila jioni ili nisimkosee. "Wa njiani alikuwa kuku gani?" Kuku wa chipsi. Nusu kuku na ngozi yake, aliyeogeleshwa kwenye karai la mafuta yaliyowaona watu wengi kabla yangu, chipsi chini kama kichuguu, na mayonezi juu. Binti wa watu aliweka kalamu mezani, akaangalia dirishani muda mrefu. Nilijitetea kwamba yeye alisema kuku. Hakusema kuku wa namna gani. Akanieleza, taratibu kama mtu anayeongea na kiziwi, kwamba steki iliyochemshwa ingenidhuru kidogo kuliko kile nilichokuwa nakula kwa jina la dawa.

Steki iliyochemshwa! Maneno yametoka kinywani kwa daktari mwenyewe! Nilipofika nyumbani nikayatoa yote. Mama Kulwa akasema nimeelewa nilichotaka kuelewa, na kwamba tangu leo kuku wa chipsi naye ni marufuku. Nilikwenda na marufuku moja, nikarudi na mbili.

Mama yangu kule Magu alipata habari. Yeye kuku wa kisasa hamtambui. Alipewa broila mara moja hapa kwangu, akambonyeza kwa kidole, akauliza, "Mwanangu, huyu ni kuku au godoro?" Mtaani wanasema mengi, kwamba wanachomwa sindano, kwamba wanapewa dawa za watu. Mfugaji jirani yangu amechoka kueleza kwamba ni mbegu tu na chakula. Kuku wake kachaguliwa vizazi kwa vizazi akue haraka, kwa wiki tano au sita yuko sokoni, hajawahi kufukuzwa na mtoto wala mwewe, misuli ya kazi gani? Mama hakusikiliza. Akatuma jogoo wa kienyeji kwa basi, kafungwa miguu, kasafiri chini ya kiti akiwika kila kituo.

Jogoo huyo alichemka saa tatu nzima. Mtungi wa gesi uliisha akiwa bado na msimamo wake. Lakini harufu, ndugu zangu! Jumapili hiyo tulikaa mezani wote, na hapa ndipo ng'ombe anapomshinda kuku kwa jambo lisiloandikwa kwenye majedwali. Nyama ya ng'ombe haina siasa. Ni vipande, unachota, unakula. Kuku ni katiba. Paja lina mwenyewe, kidari kina mwenyewe, mgongo una mwenyewe, na firigisi ni ya baba. Hilo halijadiliwi. Babu yangu alikula firigisi, baba yangu akala firigisi, nami nimeisubiri tangu utotoni, miaka yote ya kutafuna shingo.

Ilikuwa sahanini kwangu tayari. Kama ningenyamaza. Lakini nilikuwa na hasira zangu za steki, nikawaambia kuku huyu pamoja na safari yake yote hana damu ya kumfaa Kulwa kama ng'ombe. Nikatoa simu, nikasoma kwa sauti. Ng'ombe, chuma 2.5. Kidari, chuma 1. Nikaongeza na historia, kwamba ng'ambo ya ziwa, Buganda ya zamani, wanawake walipika kuku ila walikatazwa kumla. Niliisema kama historia tu. Mama Kulwa hakuipokea kama historia.

"Yaani waliokuwa wanapoteza damu kila mwezi," akasema polepole, "ndio waliokatazwa?"

Doto akaichukua simu mkononi mwangu. "Baba, hujamaliza. Shuka chini." Akashuka yeye. "Maini ya ng'ombe, chuma 6.5. Maini ya kuku, chuma 11." Meza ikanyamaza. "Firigisi, 3 na kidogo. Firigisi inaishinda steki, Baba."

Kijiko cha Mama Kulwa kilivuka meza bila haraka. Kilichukua ini kwanza, kipande kidogo kama kidole gumba, ambacho nacho nilikuwa nimekificha chini ya ugali. Kikarudi mara ya pili. Niliiangalia firigisi ikipita juu ya bakuli la mchicha, juu ya ndimu, juu ya mkono wa Doto aliyekuwa bado ameshika simu yangu, ikatua sahanini kwa Kulwa.

"Wabeja, Baba," alishukuru mtoto, na uso umeshaanza kupata rangi.

Mama Kulwa akanitafutia kitu cha kujazia nafasi. Nilisubiri paja. Nikapewa shingo.