Shangazi Mjuvi Ajibu: Shule Isiyofundisha, Karo Isiyolipika

*Shikamoo Shangazi. Binti yangu anatimiza miaka minne. Hapa karibu kuna shule mpya inayosema mtoto hafundishwi, bali hujijengea maarifa mwenyewe. Karo ya muhula yanishinda. Mume wangu auliza: kama mtoto anajifundisha, tunamlipa nani? – Mama Njiapanda, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Umebisha mlango wenyewe. Wapo washauri wengine katika gazeti hili, mmoja wa bustani na mmoja wa nyota, lakini hakuna kati yao aliyelea wapwa wengi kama mimi. Na picha yangu hapo juu haijarekebishwa popote, waseme wasemavyo.

Mambo ya mtoto kujijengea maarifa niliyajua kabla sijayasikia. Kila Idd wapwa zangu hujaa barazani, nami hutoka na jagi la sharubati ya ukwaju (ambayo, kwa wasiojua, watu huvuka feri kuifuata). Bilauri zangu hazilingani. Nikimimina sharubati ileile kutoka bilauri fupi pana hadi ndefu nyembamba, wa miaka mitano hushangilia kuwa ameongezewa. Wa miaka minane hunitazama kwa jicho la karani wa benki. Jean Piaget, Mswisi, alifanya jaribio hilohilo kwa maji matupu na akapata sifa dunia nzima. Maji matupu! Akatambua kwamba mtoto si mtu mzima aliyepungukiwa habari. Ana hoja zake, na hoja hizo haziondoki kwa kuambiwa "umekosea". Huondoka pale yeye mwenyewe anapomimina, akarudisha, akashangaa. Wanamsifu pia kwamba mwaka 1907, hajafika hata miaka kumi na miwili, alichapisha taarifa fupi juu ya shomoro mweupe. Mimi katika umri huo nilikuwa nimesuluhisha ndoa mtaani kwetu, moja ikiwa ya mwalimu wangu, ila sikupata wa kunichapishia.

Ninayemheshimu hasa ni Lev Vygotsky wa Urusi, aliyezaliwa mwaka mmoja na Piaget, 1896, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1934, miaka 37 tu, maskini. Huyu aliandika kuhusu mimi. Alisema kuna jambo mtoto haliwezi peke yake lakini hulimudu akisaidiwa na anayejua. Na la leo la kusaidiwa, kesho atalifanya mwenyewe. Sasa anayejua ni nani kama si shangazi? Nilipomfunza mpwa wangu mkubwa kusukuma chapati sikumwachia kibao nikaenda kulala ati ajigundulie. Ya kwanza nilisukuma mimi. Ya pili nikamshika mikono. Ya tatu nikakohoa tu alipokosea. Leo anapikia maharusi, na kila ninapoalikwa huwaeleza wageni, meza baada ya meza, alikoanzia.

Kwa hiyo mwambie bwana: mnamlipa mtu wa kukohoa kwa wakati wake. Hiyo kazi ni ngumu kuliko kuhutubia.

Ila usihadaike na vijiti vya mbao na mikeka. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia, alifungua nyumba yake ya watoto tarehe 6 Januari 1907 San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma. Leo jina lake limebandikwa kwenye mageti ya wenye nazo, na katika nchi nyingi hakuna sheria ya kumzuia yeyote kulibandika, hata mwenye vyumba viwili na kasuku. (Kuhusu jina langu, nimekwisha muona wakili.) Italia hiyohiyo, karibu na Reggio Emilia, vita vilipokwisha mwaka 1945 wanakijiji waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na Wajerumani, wakajenga shule ya watoto wadogo. Ukikosa karo, basi, chungulia uani. Kifaru hamna, lakini mumeo akiwa na gari bovu lililokaa juu ya mawe, hilo tangu leo ni mali ya elimu.

Kabla hujaliuza, kumbuka mtaala wa umilisi wa Kenya, CBC, umeingia shule za umma tangu 2019, na nia yake haiko mbali na hayo: mtoto atende, asikariri tu. Najua, najua. Saa nne usiku unatumwa katoni, gundi na manyoya ya kuku, nawe wakesha ukibandika huku mtoto anakoroma. Hapo aliyejijengea maarifa ni wewe.

Na kutenda si kuachwa mpweke. Mwaka 2006 wataalamu watatu, Kirschner, Sweller na Clark, waliandika kwamba mgeni wa somo akiachwa apapase bila kuonyeshwa mifano hulemewa na mzigo kichwani. Ningewaambia hayo bure, kwa chapati.

Sasa fanya hivi. Siku ya maonyesho usiende. Siku hiyo hata paka wa shule hujua kusoma. Nenda Jumanne, ujifunge leso kuukuu, jitwishe sinia la mahamri, ukae chini ya mti karibu na dirisha. Mwalimu akihutubia asubuhi nzima, hiyo ni shule ya kawaida yenye karo isiyo ya kawaida. Asiposikika kabisa, watoto wametelekezwa. Ukimsikia akiuliza "Umejuaje?" kisha akanyamaza kweli, akangoja, sogea karibu. Mtoto akikwama, anapewa jibu, au swali dogo zaidi? Halafu uliza jinsi wanavyofunza herufi. Wakikuambia mtoto atajigundulia, twaa sinia lako. Mlinzi akikufukuza, taja jina langu. Akikufukuza tena, huyo hasomi magazeti.

Nilitaka kukusimulia na habari ya mkurugenzi mmoja aliyenijia kwa ushauri akatoka akilia kwa furaha, lakini gari la harusi limepiga honi mara mbili na bila mimi hawaondoki. Kwa hiyo: shule ya umma iliyo jirani ikiwa na mwalimu wa "umejuaje", mpeleke huko, salio mpe mwenye nyumba.

Baba Mkoromo wa Likoni, barua yako nimeipata. Laleni vyumba mbalimbali.