Motisha Hufika kwa Basi

Wataalamu wa motisha wakishateremka Garissa, baada ya kilomita 370 hivi kutoka Nairobi, huwapa wanafunzi wa chuo siri ya kufaulu: amka saa kumi na moja alfajiri. Ahsante. Siri hiyo adhana hutupa bure, tena kwa kipaza sauti, hata wakati wa likizo.

Siri ya pili ni kuoga maji baridi, eti akili ichangamke. Bwana mkubwa, tangi letu limesimama juani tangu asubuhi, na mwezi wa Machi joto hapa hugusa nyuzi 37. Maji baridi tunayaona kwenye friji ya dukani, yana bei.

Kisha tunahimizwa tuache starehe. Binti wa Ijara au Balambala, ambaye ada yake ni ngamia aliyeuzwa soko la mifugo, mkopo wa serikali ungali njiani, na husomea chini ya mwarobaini kwa kuwa bwenini hakukaliki mchana, aache ipi? Akiuliza hivyo ukumbini, mtaalamu hutazama saa. Basi la Nairobi linaondoka, naye anataka kiti cha upande usiopigwa jua.