Ukuta Wenye Mlango

Wanaonung'unikia bei ya mchele sokoni Kawangware hawajui kushukuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki imemjengea mkulima wa Mwea ukuta: ushuru wa asilimia 75 kwa mchele wa nje. Nasi Kenya, kwa unyenyekevu, huomba ruhusa ya kutoza asilimia 35 tu. Hata Wachina, kwa ukuta wao mrefu vile, hawakuwahi kubuni kibali cha kuutoboa.

Mapenzi hayakuishia hapo. Julai 2025 likachapishwa tangazo la kuingiza tani 500,000 za mchele bila ushuru wowote. Mkulima alindwe asubuhi, mlaji jioni, nani kaonewa? Mahakama Kuu ya Kerugoya ilipousimamisha mpango huo, niliwahurumia waagizaji. Watu wa kujitolea vile, na faida yenyewe hawakuitaja hata mara moja!

Lakini aliyedekezwa kweli ni sukari. Ile ya mbali hutozwa asilimia 100, na dhidi ya ile ya majirani wa COMESA tuliomba kinga ya muda mfupi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Muda huo mfupi ukafika Novemba 2025. Mtoto alikuwa na ndevu, bado akinyonya. Ni katili gani angemwachisha ziwa mapema hivyo?

Wenye vibanda vya chakula Dagoretti Corner wamezielewa sera hizi upesi. Sahani ya wali bei yake ni ileile, ila wali wenyewe umepewa nafasi ya kupumua, na sukari ya chai huombwa kwa barua.