Sifa za Mheshimiwa Mia Tano

Washairi wa pwani hii wamekwisha kusifu kila chenye kusifika: mnazi, jahazi, bibi harusi, mheshimiwa wa wadi, hata timu ya mpira isiyofunga bao. Nimechelewa kufika, nikakuta kimesalia kimoja ambacho hakuna aliyekigusa. Ni ile namba 500 inayomtokea mtu anayejifunza kutengeneza huduma ya wavuti, saa sita za usiku, alipodhani amemaliza. Hitilafu ya ndani ya seva. Kila mtu huilaani. Mimi nitaiita Mheshimiwa na nitaisifu, na asiyetaka kusikia na azibe masikio.

Tuanze na nasaba, maana kwetu mtu hasifiwi kabla ya kujulikana ni wa nani. Mheshimiwa ni wa ukoo wa namba za majibu, zile ambazo seva hutanguliza kila inapomjibu aliyeiita. Ukoo ulitokana na Tim Berners-Lee na wenzake, walipokuwa wakiujenga wavuti kule CERN, Geneva, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hati ya HTTP 1.0 iliyouandika ilitoka Mei 1996. Leo una milango mitano. Wa mia moja ni watu wa “ngoja kidogo”, nasi tuwaache wangoje. Wa mia mbili husema mambo ni shwari. Wa mia tatu husema ulichokuja kutafuta kimehamia kwingine, kifuate huko. Wa mia nne humwambia aliyeuliza: umekosea wewe. Na wa mia tano, peke yao katika ukoo mzima, husema: nimekosea mimi.

(Mlango wa mia nne una ndugu mmoja wa kuhurumiwa, 402, “malipo yanahitajika”. Aliwekwa akiba kwa matumizi ya baadaye tangu miaka hiyo ya 1990, na hati ya 2022 bado inasema vivyo hivyo. Huku kwetu M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo hata mahamri ya asubuhi yanalipiwa kwa simu bila 402 kuulizwa kitu.)

Namba ni ngeni, tabia zake si ngeni. Aprili 1498 Vasco da Gama alipiga hodi Mombasa, akajibiwa kwa namna ambayo leo tungeiandika 403: nimekuelewa, na huingii. Akapanda kaskazini mpaka Malindi. Malindi ikampa 200 ya heshima zote, kisha ikamwongezea 302: unachotafuta hakipo hapa, kiko Kalikuti, na rubani wa kukupeleka ni huyu. Mwezi uliofuata alikuwa amefika Bara Hindi. Nguzo yake yenye msalaba ingali pale ufukweni, na watalii wanapigia picha. Kwa yaliyotufika baada ya hapo, naona jibu lililofaa siku ile lilikuwa 500. Samahani bwana, bandari ina hitilafu ya ndani, hatujui ni nini, jaribu tena baadaye.

Fadhila ya kwanza ya Mheshimiwa, basi, ni kukiri. Mlinganishe na ofisi yoyote uliyowahi kupangia foleni. Nimesimama mbele ya dirisha moja, silitaji, nikaambiwa kwa zamu kwamba picha yangu ni kubwa mno, jina langu lina herufi ya ziada, nimekuja siku isiyo yangu, na mwisho kabisa kwamba mtandao uko chini. Tatu za kwanza ni mia nne zilizovaa tai. Ya mwisho ni mia tano iliyoona haya kujitaja.

Lakini anayemfaidi Mheshimiwa hasa ni mwanafunzi. Binti ya dada yangu anasoma Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na mama yake anauza samaki Malindi. Likizo moja aliamua kutengeneza huduma ndogo: mteja ataje samaki na kilo, apewe bei ya leo. Alitumia Python na Flask. Hiyo Flask ilianza kama mzaha wa Siku ya Wajinga, 1 Aprili 2010, watu wakaipenda ikawa kazi ya kweli. Fani hii haina aibu na tarehe hiyo: 1 Aprili 1998 ilitoka hati nzima, kwa lugha ya kiserikali, ya kuendesha mabirika ya kahawa kwa mtandao, nayo ikatuletea namba 418, “mimi ni birika la chai”, ambayo birika hujibu likiombwa kupika kahawa. Wauza kahawa wetu wa dele hawakuombwa maoni.

Binti aliwaingiza samaki kwenye faili kutoka daftari la mama yake. Changu alimwandika mwenyewe, kwa tarakimu tupu, akajaribu, huduma ikaitika vizuri. Waliobaki, tafi, nguru na kolekole, aliwanakili kama walivyoandikwa. Kisha akauliza bei ya nguru, kilo mbili.

“Mjomba, imekufa.”

“Imekufa ikisemaje?”

“Mia tano tu. Hata sababu haitaji.”

“Haikutajii wewe uliye nje. Kaangalie ndani.”

Na hapo kuna fadhila ya pili, nayo ni sitara. Mgeni mlangoni huambiwa kuna hitilafu, basi. Mwenye nyumba akifungua lile dirisha jeusi la terminali huambiwa yote: faili gani, mstari wa ngapi, katika kufanya nini. Maandishi yale marefu huwatisha wanaoanza kwa sababu huyasoma kuanzia juu. Ya Python husomwa kuanzia chini. Mstari wa mwisho ndio wenye kisa, na iliyo juu yake ni njia iliyopitwa mpaka kufika hapo. Mstari wa mwisho wa siku ile ulisema kwamba haiwezekani kupata namba kamili kutokana na hiki: '650/='.

Ile alama. Afrika Mashariki yote huandika bei hivyo, mkwaju kisha sawasawa, kuanzia kibao cha kinyozi hadi risiti ya karo, kuonyesha kwamba senti hazipo. Dada yangu ameandika hivyo tangu ajue kuandika. Python haikuwahi kufika soko la Malindi, ikaona mkwaju ikagoma. Binti alicheka sana, kisha akanyamaza akilitazama daftari ukurasa baada ya ukurasa, maana kila samaki alikuwa na mkwaju wake.

Kabla ya kurekebisha alijaribu njia ya mkato, na njia hiyo nataka kuikalia kidogo kwa sababu ndiyo adui halisi wa Mheshimiwa. Rafiki yake wa chuoni alimtumia dawa kwa simu: funga kila kitu ndani ya try na except, ikishindwa rudisha sifuri. Mia tano ikatoweka papo hapo. Nguru, kilo mbili? Shilingi 0. Hali: 200. Binti akajinyoosha kwa furaha. Nikamwambia akamwonyeshe mama yake. Dada yangu alivaa miwani, akaitazama simu, akamtazama bintiye.

“Nguru bure,” akasema. “Haya. Na karo nayo ni bure?”

Hapo utamwona Mheshimiwa ni muungwana kiasi gani. 500 humsimamisha mtu mmoja kwa dakika chache, waziwazi, akijua amesimamishwa. 200 ya uongo ingeuza samaki bure mpaka Ijumaa, na siku hesabu inapogoma hakuna ambaye angejua ilianzia wapi. Wanaoanza huipenda kwa sababu inafanana na mafanikio. Na hata 200 ya kweli haiaminiwi kwa sura. Anayeunganisha malipo ya M-Pesa kwenye huduma yake hupokea taarifa ambayo ndani yake kuna namba nyingine: 0 ina maana mteja amelipa, 1032 ina maana ameghairi. Mtu akifurahia tu kwamba taarifa imefika, bila kuifungua, anamkabidhi samaki aliyeghairi.

Mkwaju ukaondolewa kila bei inapoingia. Kesho yake shangazi mmoja akauliza kwa simu yake, na simu, kwa adabu zake, ikaanza neno kwa herufi kubwa: Changu. Kwenye orodha alikuwepo changu, wa herufi ndogo. Mia tano tena, na safari hii binti alishuka mwenyewe mpaka mstari wa mwisho bila kumwita mtu. Akazigeuza herufi zote kuwa ndogo, akaongeza na kanuni kwamba samaki asiyekuwepo kwenye orodha ajibiwe 404, mzigo urudi kwa muulizaji. Mgeni wa kutoka Unguja akauliza tasi, ambaye sisi humwita tafi. 404, hapatikani, naye amelala kwenye karai mbele ya miguu yake.

Fadhila ya tatu ni bei. Kaskazini ya Malindi, Ngomeni, Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini na kurusha setilaiti kuanzia 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 iliruka pale setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru wake. Mahali kama pale, kosa la hesabu huzama baharini pamoja na pesa za mataifa mawili. Mpwa wangu alikosea usiku kucha kwenye kompyuta yake mwenyewe, anwani 127.0.0.1, ambapo hata bando halitumiki, na nguru akabaki salama kwenye barafu.

Dosari anayo, tusidanganyane. Katika Flask kuna hali ya utatuzi, ambayo huwashwa wakati wa kujifunza ili maelezo yote ya hitilafu yaonekane kwenye kivinjari. Ukiisahau imewashwa siku ya kuifungulia dunia huduma yako, ile sitara niliyoisifu inakwenda na maji. Mgeni yeyote huona msimbo wako, na pamoja nao sehemu ya kuandikia amri kwenye mashine yako, iliyofungwa kwa namba ya siri tu. Tusimlaumu sana. Wapo wengi wenye siri nzito ambao huharibikiwa wakipewa kipaza sauti.

Binti alihakikisha imezimwa. Akakodi seva ndogo ughaibuni, akaweka nginx mlangoni kama wafanyavyo wenzake, akafungua anwani kwa simu ya mama yake. Dada yangu ndiye aliyesoma kwanza.

“Mbona hii inasema mia tano na mbili?”

“Mjomba,” binti akaita, “na huyu ni nani tena?”

Nikamwambia ni ndugu yake Mheshimiwa, wa mlango mmoja. Yeye ni bawabu: amepeleka swali ndani, hakupata jibu la maana, naye anasema hivyo badala ya kutunga lake. Aangalie kama huduma yenyewe imewashwa.

Haikuwa imewashwa.