Injini ya Wazungu wa Karanga

Kwa mjomba wangu, magari ni magari na Landrova ni Landrova. Aliiendesha enzi zile ambapo safari ya Kilwa kwenda Dar es Salaam ilitegemea mvua, na Rufiji mnavuka kwa pantoni pale Ndundu. Daraja la Mkapa likafunguliwa 2003, lami ikaja kwa mafungu mpaka kikabaki kipande cha Ndundu–Somanga, kilometa 60 zilizowatoa jasho wakandarasi na abiria. Nacho kikaisha. Sasa unatoka Masoko asubuhi, mchana unakula Mbagala. Mjomba hafurahii. Anasema barabara ya siku hizi haina adabu, inampitisha kila mtu.

Basi alipostaafu akaamua kujiundia Landrova ya mtindo wa 1948, ile ya kwanza kabisa. Wenyewe kule kiwandani Solihull waliifanya bodi ya alumini kwa sababu baada ya vita chuma kilitolewa kwa mgao. Hapa kwetu mambo ni kinyume: chuma kipo, alumini inawahiwa na wasubu masufuria. Ya Mjomba ikawa ya chuma, nzito ajabu, na taa za mbele za Bajaji. Chesisi Fundi wake kaichomelea mwenyewe, hata namba kaigonga mwenyewe, tarakimu kumi zilizonyooka kama safu za swala.

Injini ndiyo haikuwa ya kuundwa. Mjomba aliisikia kabla ya kuiona, tukiwa Kivinje, ikisaga muhogo ndani ya banda la makuti. Akasimama katikati ya njia. "Hii sauti naijua," akasema, na uso wake ukawa wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Jioni ile ile tukaipakia kwenye Kirikuu.

Kwenye ofisi ya usajili kijana wa dirishani hakuwa na shida na gari. "Shikamoo mzee. Gari umeliunda, tutakuja kulikagua. Lakini injini hukuiunda. Imetoka kwenye gari gani?" Swali la haki kabisa. Mjomba akanigeukia mimi, kwa sababu ndimi niliyesoma.

Nilianza kwa mwenye mashine ya kusaga. Kosa ni kutamka neno "ofisi" kabla ya chai. Alikana kuwahi kumiliki injini yoyote maishani mwake, na mkewe akaniapia kwamba pale hapajapata kuwa na mashine, huku tumekaa juu ya gunia la pumba. Alipoelewa kwamba ni habari ya kadi ya gari tu, kumbukumbu zikarudi zote, pamoja na deni ambalo eti Mjomba hajalimaliza. Yeye aliinunua kwa nahodha wa boti ya Songo Songo. (Gesi ya kisiwa hicho, iliyogunduliwa 1974, inafika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004. Watu wake, hata wakija Kilwa tu, wanasubiri maji yajae.) Nahodha naye hakukana: aliipata Lindi kwa kubadilishana na nyavu na mbuzi, ikamsumbua, akaitema. "Injini ya nchi kavu ile," akaniambia. "Ukiipa chumvi inanuna."

Lindi nikaelekezwa kwa mzee mmoja barazani. Hata sijamaliza kueleza: "Hiyo ya Wazungu wa karanga."

Anayeijua Lindi atanielewa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja kulima karanga Nachingwea, kama walivyofanya Kongwa na Urambo. Walijenga reli kutokea Mkwaya, wakaleta hadi vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Januari 1951 London ikanyoosha mikono, pauni milioni 36 hivi zimekwenda na maji, na 1962 reli yenyewe ikang'olewa. Karanga hazikuonekana sana ila vyuma vilibaki, na tangu hapo mtu wa huku akiokota boliti njiani, ni ya karanga. Ninaipenda sana historia ya namna hii. Ina jibu moja kwa maswali yote, na ingejaa vizuri kwenye fomu.

Tatizo ni Fundi. Alitaka tuisome namba kwanza. Akaisugua bloku kwa brashi ya waya, akaimwagia mafuta ya taa, akaikausha kwa kanga kuukuu. Kisha akasaga chaki kiganjani, akaipaka juu ya chuma na kufuta kwa upande wa dole gumba, polepole, mpaka weupe ukabaki ndani ya mikwaruzo tu. Tarakimu zikajitokeza mojamoja, isipokuwa moja iliyoliwa na chumvi ya Songo Songo, ambayo Fundi aliiona nane na Mjomba tatu. Lakini zilitosha. Ilikuwa dizeli ya lita 2.25, na Land Rover walianza kuitoa 1961, miaka kumi tangu karanga zizikwe.

Nilirudi kumweleza mzee kwa upole. Akanisikiliza hadi mwisho. "Basi hao wa Solihull," akasema, "wamekosea tarehe."

Kuna makumbusho ya magari huko Gaydon, Uingereza, yanayotunza madaftari ya kiwanda. Ukilipa wanakuandikia cheti cha gari lako. Wanachotaka kwanza ni namba ya chesisi. Chesisi ya awali, kwa maelezo ya nahodha, ni kidaraja cha mfereji mahali fulani huku Mchinga, na juu yake wamemwaga zege.

Hapo nikawaonea wivu wataalamu wa sarafu. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Nyingine ilipatikana Great Zimbabwe. Zikajulikana ni za kwetu kwa majina ya masultani yaliyopigwa juu yake, japo mwaka hazikuandikwa. Kijana wa dirishani angezirudisha.

Mwishowe wakili akatuandikia hati ya kiapo: injini hii imefanya kazi ya gari, ya boti na ya kusaga, na waapaji hawana habari za maisha yake kabla ya hapo. Msagaji akatia dole gumba, baada ya kulipwa. Ofisi ikaridhika, ikamtuma mkaguzi.

Akazunguka gari, akaigonga bodi kwa fundo la kidole, akacheka kidogo alipofika kwenye taa. Akalala chali chini ya chesisi na tochi. Akakaa huko muda mrefu.

"Hii namba inaanza na sifuri saba," akasema.

Hakuna aliyejibu. Mkaguzi akatoa mkono mmoja nje, akapapasa mfukoni, akachukua simu yake akabonyeza. Nyuma yetu Fundi akapokea kwa sauti ya biashara: "Gereji hapa, karibu sana."